Ushindi Usio na Hati

Katikati ya mwaka 1938, jaji mmoja wa London alipelekewa kesi ya madai iliyoonekana ndogo. Kampuni ya Cable and Wireless ilikuwa inadaiwa pauni 10,000 na ushei, fedha zilizotokana na mkataba wa huduma ya simu za upepo kati ya Addis Ababa na Uingereza. Mdai alikuwa Haile Selassie, Mfalme wa Wafalme wa Ethiopia, aliyekuwa akiishi uhamishoni katika mji wa Bath baada ya Waitalia kumnyang'anya nchi. Kampuni haikukana deni. Ilichotaka kujua ni imlipe nani, maana Italia nayo ilikuwa ikizidai fedha hizo hizo. Mwezi Julai jaji akampa haki Haile Selassie, kwa sababu Uingereza, ingawa ilikiri kwamba Waitalia ndio walioishika nchi, ilikuwa bado inamtambua yeye kuwa mtawala halali. Kampuni ikakata rufaa. Kabla rufaa haijaamuliwa, mwezi Novemba, serikali ya Uingereza ikamtambua Mfalme wa Italia kuwa mfalme wa Ethiopia kisheria. Desemba mahakama ya rufaa ikageuza hukumu: fedha ni za Mfalme wa Italia. Katika miezi hiyo mitano Waitalia hawakuwa wamepata ushindi wowote mpya wa maana. Wapiganaji wa Kihabeshi, wale arbegnoch, walikuwa bado milimani wakiwasumbua. Kilichobadilika ni karatasi tu kutoka Wizara ya Mambo ya Nje.

Karatasi hiyo ndiyo inayonifanya nisikubaliane na wale wanaosema kwamba kukataa kutambua kutekwa kwa nchi ni maneno matupu ya mabalozi. Mtekaji hupigania vitu viwili, ardhi na hati ya ardhi. Ardhi atapewa na jeshi lake. Hati hawezi kujiandikia mwenyewe. Lazima wengine waitie sahihi, na wengine hao ndio wenye benki, mahakama, bandari na posta ambazo bila hizo ardhi haiwi mali kamili. Simaanishi kwamba kunyimwa hati kunasimamisha vifaru. Hakujawahi kusimamisha hata kimoja, na anayeahidi hivyo anawadanganya watu. Ninachodai ni kwamba silaha hii hupimwa kwa pishi isiyo yake. Haifai kupimwa kwa wiki bali kwa miongo, na nguvu yake hutegemea mambo mawili: wanaokataa kutambua waupeleke ukataaji huo hadi kwenye madawati ya makarani, na wasiugeuze kuwa bidhaa ya kubadilishana sokoni.

Ulimwengu wa zamani haukujua habari hizi. Sheria ya mataifa ya karne ya 19 ilikuwa mwenye nguvu mpishe: aliyeshinda vita akishika nchi na kuikalia, ilikuwa yake. Pwani yetu inalijua hilo vizuri. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziliketi zikaamua kiasi gani cha bara kitahesabiwa kuwa cha Sultani wa Zanzibar, zikamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10, na yaliyobaki zikagawana. Utambuzi siku hizo ulikuwa chombo cha kuchukulia. Kilichotokea mwaka 1932 kilikuwa jaribio la kukigeuza chombo hicho kichwa chini miguu juu, na aliyelifanya, Henry Stimson, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, hakuwa na mikono safi. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa Gavana Mkuu wa Ufilipino, nchi ambayo Marekani ilikuwa imeitwaa kutoka kwa Hispania mwaka 1898 na kisha kuwapiga vita Wafilipino wenyewe. Wajapani hawakukosa kuliona hilo. Wazungu, walisema, wamekwisha kula wakashiba, sasa wanatangaza mfungo.

Sababu ya Stimson kuandika ilikuwa Manchuria. Usiku wa tarehe 18 Septemba 1931, maofisa wa jeshi la Japani la Kwantung walitega baruti kwenye reli ya Wajapani wenyewe karibu na Mukden, mji ambao leo unaitwa Shenyang, kisha wakawasingizia Wachina. Hasara ilikuwa ndogo kiasi kwamba treni ilipita hapo muda mfupi baadaye, lakini kisingizio kilitosha, na katika miezi michache Manchuria nzima ikawa mikononi mwao. Tarehe 7 Januari 1932 Stimson alizipelekea Japani na China barua moja: Marekani haitatambua hali, mapatano wala mkataba wowote uliopatikana kwa njia zinazokiuka Mkataba wa Paris wa 1928, ambao ndani yake mataifa, Japani ikiwemo, yaliapa kuacha vita kama nyenzo ya siasa zao. Mwezi Machi Shirikisho la Mataifa likachukua msimamo huo huo. Wajapani hawakujali. Walianzisha dola waliyoiita Manchukuo, wakamtoa Puyi, mfalme wa mwisho wa China, kwenye maisha yake ya kusahaulika na kumpa cheo. Tarehe 24 Februari 1933 Shirikisho lilipopigia kura ripoti ya tume ya Lytton iliyouchunguza mgogoro huo, nchi 42 ziliunga mkono, Siam haikuchagua upande, Japani peke yake ikapinga. Mjumbe wake, Matsuoka Yosuke, akatoka ukumbini.

Hapa ndipo wapinzani wa kanuni ya Stimson hufunga faili na kwenda zao, na lazima nikiri kwamba ushahidi wao ni mzito. Stimson alishika kalamu kwa sababu Rais Herbert Hoover hakutaka kusikia habari za vikwazo vya biashara. Kwa hiyo kutotambua kulizaliwa kama kibadala cha kutenda, na kasoro hiyo ya kuzaliwa haijamtoka mtoto mpaka leo. Kila serikali isiyotaka kugharimika hukimbilia humo. Lakini faili la Manchukuo lina kurasa zinazofuata. Mwaka 1933 kamati ya Shirikisho ilitoa waraka wa mambo ya kikarani hasa: stempu za Manchukuo, sarafu yake, pasipoti zake, kujiunga kwake na mikataba ya kimataifa. Nchi zilizoitambua waziwazi zilikuwa chache, El Salvador na baadaye marafiki wa Japani kama Italia na Ujerumani. Na ilipofika mwaka 1943, viongozi wa Marekani, Uingereza na China walipotangaza Cairo kwamba Manchuria itarudishwa China, hawakuhitaji kumpokonya mtu hati. Hakukuwa na hati. Ni kweli kwamba jeshi la Kisovieti ndilo lililoibomoa Manchukuo mwezi Agosti 1945. Hata hivyo kuibomoa dola ni jambo moja, na kujua ardhi irudi kwa nani baada ya kubomoa ni jambo la pili, nalo lilikuwa limekwisha kuamuliwa.

Ethiopia, Uhabeshi ya wazee wetu, inaonyesha upande wa pili: kinachotokea ukataaji ukiuzwa. Italia ilivamia tarehe 3 Oktoba 1935. Shirikisho liliitangaza kuwa mchokozi ndani ya siku chache na kuweka vikwazo mwezi Novemba, vikwazo ambavyo viliacha nje kitu kimoja ambacho vita haviendi bila hicho, mafuta. Gesi ya sumu ilitumika juu ya askari na raia. Tarehe 5 Mei 1936 Addis Ababa ilianguka, siku nne baadaye Mussolini, mtawala wa Italia, akatangaza himaya, na tarehe 30 Juni Haile Selassie akasimama mbele ya Shirikisho mjini Geneva, akizomewa na waandishi wa habari wa Kiitalia, kuuliza angerudi na jibu gani kwa watu wake. Jibu alilopewa lilikuwa kuondolewa kwa vikwazo mwezi uliofuata. Kilichobaki ni kutotambuliwa kwa ushindi wa Italia, nacho Mussolini alikitafuta kwa bidii ambayo asingekuwa nayo kama kilikuwa hewa. Mtu mwenye mizinga, ndege na Addis Ababa yenyewe alikuwa bado anataka kipande cha karatasi.

Neville Chamberlain, Waziri Mkuu wa Uingereza, aliamua kukiuza. Kwa makubaliano ya Aprili 1938, yaliyoanza kutumika Novemba, Uingereza ilitoa utambuzi wa kisheria ikitarajia kumtenga Mussolini na Hitler. Tuangalie risiti ya biashara hiyo. Tarehe 7 Aprili 1939 Italia iliivamia Albania. Tarehe 22 Mei 1939 Italia na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya kijeshi yaliyoitwa Mapatano ya Chuma. Mteja alichukua mzigo na bei hakulipa. Nchi chache hazikuingia kwenye mnada huo, zikiwemo Marekani, Muungano wa Kisovieti, China na Meksiko. Meksiko ndiyo inayostahili heshima ya pekee, kwa sababu haikuwa na jeshi la kuogopwa wala maslahi yoyote katika Pembe ya Afrika, na mwaka huo huo wa 1938 ilipeleka pingamizi Geneva dhidi ya Ujerumani kuimeza Austria. Mji wa Mexico una uwanja unaoitwa Etiopía, na Addis Ababa una uwanja wa Meksiko. Sijui makubaliano gani ya Chamberlain yaliyopewa uwanja.

Gharama ya kuuza ilionekana kwa namna ambayo Afrika Mashariki iliishuhudia kwa karibu. Mwaka 1941 vikosi vya Uingereza vilivyoingia Ethiopia kutoka Kenya vilikuwa na askari wengi wa King's African Rifles, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliotumia Kiswahili kama lugha ya kikosi. Addis Ababa ilikombolewa mwezi Aprili, na Haile Selassie akaingia mjini tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu mji huo utekwe. Lakini aliingia kama nani? Kwa kuwa Uingereza ilikuwa imekubali kwamba Ethiopia ni mali ya Italia, maofisa wake waliiendesha kama ardhi ya adui iliyokaliwa, na utawala huo ukawekwa chini ya Philip Mitchell, aliyekuwa ametoka kuwa gavana wa Uganda na ambaye baadaye angekuwa gavana wa Kenya. Mfalme aliyerudi nyumbani kwake alilazimika kujadiliana na wakombozi wake hadi mkataba wa Januari 1942, na Ogaden ikabaki mikononi mwa Waingereza kwa miaka mingine kadhaa. Sahihi ya 1938 haikumsaidia Chamberlain, ila iliendelea kumsumbua Mhabeshi hata baada ya Mwitalia kushindwa.

Sasa tuweke pembeni yake kisa cha Baltiki. Mwezi Juni 1940, wakati macho yote yako Paris iliyokuwa ikitekwa na Wajerumani, jeshi la Kisovieti liliingia Estonia, Latvia na Lithuania. Mwezi Julai ukafanyika uchaguzi wa orodha moja, na mwezi Agosti nchi zote tatu zikawa zimeingizwa katika Muungano wa Kisovieti. Tarehe 15 Julai Rais Franklin Roosevelt alizuia fedha zao zilizokuwa Marekani, na tarehe 23 Julai Sumner Welles, naibu katika wizara iliyokuwa ya Stimson, akatoa tamko fupi la kukataa kutambua kilichofanyika. Kilichofuata ni miaka 51 ya kazi isiyo na mvuto. Balozi za Latvia na Lithuania mjini Washington na ubalozi mdogo wa Estonia mjini New York ziliendelea kufunguliwa kila asubuhi, zikijiendesha kwa fedha zile zilizozuiwa. Pasipoti zao ziliendelea kupokewa. Ramani za serikali ya Marekani zilichapishwa zikiwa na maelezo kwamba mipaka ile haitambuliwi. Ernst Jaakson, aliyekuwa katika ubalozi mdogo wa New York tangu miaka ya 1930, aliwakilisha nchi ambayo kwa macho ya kawaida haikuwepo, akaendelea kugonga mihuri mpaka uzee ukamkuta mezani.

Wengine hawakuvumilia. Uswidi ilikabidhi dhahabu ya Baltiki kwa Moscow mapema kabisa. Uingereza, iliyokuwa na dhahabu hiyo katika Benki Kuu yake, ilifikia makubaliano na Wasovieti mwaka 1968 na kuitumia kufidia madai ya raia wake, kisha miaka ya 1990 ikalazimika kurudisha thamani yake. Australia ilitambua utekaji huo mwaka 1974 chini ya Gough Whitlam na kufuta utambuzi mwaka uliofuata chini ya Malcolm Fraser. Mtu anaweza kucheka mzunguko huo, lakini angalia jambo moja: Marekani haikuwa imesogea, na mradi mwenye nguvu mmoja hajasogea, hati ya Moscow ilibaki na doa.

Mpinzani makini atasema hapa kwamba Baltiki hazikukombolewa na mihuri ya Jaakson bali na kuporomoka kwa dola ya Kisovieti. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Mlango ulifunguliwa na Gorbachev, na pia na watu waliokaribia 2,000,000 walioshikana mikono kutoka Tallinn hadi Vilnius tarehe 23 Agosti 1989. Ila angalia walivyotoka. Moscow yenyewe ilizitambua nchi hizi tatu tarehe 6 Septemba 1991, na tarehe 17 zikaingia Umoja wa Mataifa, wakati Muungano wa Kisovieti ulikuwa bado hai na jamhuri nyingine bado zinabishana kuhusu mkataba mpya wa kuishi pamoja. Hazikuomba kuzaliwa, zilidai kuamshwa. Tofauti hiyo ilikuwa na makali yake vilevile. Estonia na Latvia, kwa kuwa zilihesabu kwamba dola zao hazikuwahi kufa, zilitoa uraia wa moja kwa moja kwa waliokuwa raia kabla ya Juni 1940 na vizazi vyao tu, na mamia ya maelfu ya watu wengine, wengi wao wasemaji wa Kirusi, wakajikuta si raia wa mahali popote. Mtoto aliyezaliwa Riga mwaka 1970 hakuivamia nchi ya mtu.

Swali hilo la watu wa kawaida ndilo pingamizi ninaloliona gumu kuliko yote. Kumnyima mtekaji hati kunaweza kumwadhibu mkulima. Mwaka 1994 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza haikuwa na haki ya kupokea machungwa na viazi kutoka kaskazini mwa Cyprus vikiwa na vyeti vya utawala ulioanzishwa baada ya jeshi la Uturuki kuingia mwaka 1974, utawala ambao Uturuki peke yake ndiyo inayoutambua. Mhuri haukuwa wa serikali halali, kwa hiyo mzigo haukupita. Jawabu bora zaidi lilitoka kwenye kesi ya Kiafrika. Mwaka 1971 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliposema kwamba Afrika Kusini inaikalia Namibia kinyume cha sheria na nchi nyingine zisikubali uhalali huo, iliongeza kwamba kuandikishwa kwa vizazi, vifo na ndoa kusipuuzwe, maana hayo yakipuuzwa wanaoumia ni wenyeji. Ni mstari mgumu kuuchora. Cheti cha ndoa kipite, cheti cha machungwa kizuiwe, na mwenye shamba ni yule yule.

Je, mchokozi wa kesho huogopa? Ushahidi haunyooki. Idi Amin alipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kutangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera sasa ni Uganda, azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la 1964 la kuheshimu mipaka ya uhuru lilikuwepo, na halikumzuia. Wala umoja huo haukumlaani. Ulitaka usuluhishi, jambo lililomkera sana Mwalimu Nyerere. Kagera ilirudi kwa bunduki za Tanzania. Kwa upande mwingine, Tanzania iliyofika Kampala Aprili 1979 haikudai hata eka moja ya Uganda, na hilo halikuonekana la ajabu kwa mtu yeyote, ingawa mwaka 1886 lingekuwa la ajabu sana. Saddam Hussein naye hakuogopa. Aliivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, akatangaza kuiunganisha na Iraki tarehe 8, na siku iliyofuata Baraza la Usalama likatamka kwa kauli moja, katika azimio namba 662, kwamba kitendo hicho ni batili. Alipoamuru balozi zilizoko Kuwait zifungwe, baadhi zilikataa na kubaki bila maji wala umeme, kwa sababu kufunga kungekuwa sawa na kukubali. Serikali iliyokimbilia Taif, Saudi Arabia, iliendelea kuwa na mamlaka juu ya vitega uchumi vya Kuwait vilivyokuwa ng'ambo. Saddam alipata visima vya mafuta, na kwa sababu ya vikwazo hakuweza kuuza mafuta yake kihalali. Bila shaka majeshi ndiyo yaliyomtoa, lakini ni shida kufikiria muungano mpana vile ukikusanyika kupigania nchi ambayo dunia imekwisha kuandika kuwa mkoa wa Iraki. Tangu 1945 hakuna mwanachama wa Umoja wa Mataifa aliyefutwa kabisa kwenye ramani kwa kumezwa na jirani kwa vita. Sidai kwamba kutotambua peke yake ndiko kumefanya hivyo. Nasema ni sehemu ya sababu, na ni sehemu inayovunjika kirahisi.

Inavunjwa na walioiunda. Australia ilitambua kuingizwa kwa Timor Mashariki ndani ya Indonesia mwaka 1979, na miaka 10 baadaye ikatia sahihi mkataba wa kugawana na Indonesia mafuta yaliyo chini ya bahari ya Timor. Umoja wa Mataifa haukuwahi kutambua, ndiyo maana mwaka 1999 uliweza kuandaa kura iliyotoa asilimia 78.5 kwa uhuru. Mwaka 2019 Marekani ikatambua Golan kuwa ya Israeli, na mwaka 2020 ikatambua Sahara Magharibi kuwa ya Moroko katika mapatano ambamo Moroko nayo ilianzisha uhusiano na Israeli. Huo ni mnada wa Chamberlain umerudi, safari hii ukiendeshwa na nchi ya Stimson.

Hata hivyo, makarani wanaendelea. Mwanzoni mwa mwaka 2014 makumbusho manne ya Crimea yaliazimisha vito vya dhahabu na vitu vingine vya kale, vingi vya Waskithi, kwa maonyesho katika jumba la Allard Pierson mjini Amsterdam. Maonyesho yakiwa yanaendelea, Urusi ikaitwaa Crimea, na tarehe 27 Machi nchi 100 katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa zikakataa kulitambua badiliko hilo, 11 zikapinga, 58 hazikuchagua upande. Makumbusho yakaomba vitu vyao. Kyiv nayo ikaviomba. Kesi ilichukua karibu miaka tisa. Mwezi Juni 2023 mahakama ya juu ya Uholanzi ikaamua kwa kufuata sheria ya makumbusho ya Ukraine, sheria ambayo isingekuwa na pa kusimama kama Uholanzi ingekuwa imekubali kwamba Crimea ni ya Urusi. Novemba mwaka huo masanduku yakafika Kyiv, na huko ndiko yalikowekwa, ilhali makumbusho manne yaliyoyatuma yapo chini ya bendera ya Urusi.